Pikapu ikitoa moshi mweusi, fundi asianze na kufumua injini

Biashara ya mboga kutoka Lushoto inabebwa kwa sehemu kubwa na magari ya dizeli yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Pikapu hushuka Mombo alfajiri na kabichi, karoti na nyanya, kisha hurudi ikipanda milima na mbolea, saruji na sukari ya dukani. Siku inapoanza kukosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, mwenye nayo huambiwa pampu imekufa, nozeli zimekwisha, au injini inataka kufumuliwa.

Jibu hilo linaweza kuwa la kweli. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutolewa kabla fundi hajagusa spana. Mkulima hukimbilia SACCOS kuomba mkopo, au huuza ng'ombe wa ada ya watoto, wakati sehemu moja ndogo haijakaguliwa kabisa. Sehemu hiyo ni vali ya mfumo wa kurudisha moshi, ambao mafundi huuita EGR.

Mfumo huu huchukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua na kuurudisha kwenye njia ya hewa inayoingia katika injini. Kwa kuwa moshi huo una oksijeni kidogo, hupunguza joto la mwako, na joto likipungua hupungua pia gesi za oksidi za nitrojeni, ambazo hudhuru mapafu. Marekani ilianza kuuweka kwenye magari mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye ukaenea kwenye magari ya Japani na Ulaya, ya petroli na ya dizeli.

Gari linapozeeka, masizi huchanganyika na mvuke wa oili na kuwa kitu kizito kama lami, hasa kwenye gari la safari fupi, au linaloachwa likiunguruma saa nzima huku wapagazi wakipakia. Lami hiyo ikiizuia vali isifunge, moshi huendelea kuingia hata mlimani, pale injini inapohitaji hewa yote. Dizeli humwagwa kama kawaida, hewa ni pungufu, na masizi ya dizeli isiyoungua vizuri ndiyo moshi ule mweusi. Gari la petroli lenye kasoro hiyo hutetemeka na kuzimika likiwa limesimama. Vali ikigoma kufunguka, injini ya petroli hugonga ikibeba mzigo, ila dereva wa dizeli huenda asione tofauti yoyote.

Dalili moja, basi, ina sababu nyingi, na busara ya biashara ni kuanza na kipimo cha bei ndogo. Kwa barabara za vumbi, chujio la hewa ndilo la kwanza. Kisha mipira mikubwa ya hewa, na ile ya turbo kama ipo. Baada ya hapo ni mipira myembamba inayoivuta vali ya EGR, ambayo kwa uzee hupasuka. Kwenye aina nyingi za zamani, fundi mwenye pampu ndogo ya mkono ya kunyonya hewa anaweza kuijaribu vali ikiwa mahali pake: shina linapaswa kupanda na kubaki juu. Likishuka lenyewe, utando wa ndani umetoboka. Kwenye injini ya petroli inayounguruma taratibu, kuifungua vali hivyo lazima kuitetemeshe au kuizima. Isipobadilika chochote, njia za moshi zimeziba, hata kama vali yenyewe ni nzima.

Kuisafisha ni kazi ya saa chache: dawa ya kusafishia kabureta, kijiti cha mbao na gasketi mpya. Utando na sehemu ya umeme visilowekwe. Kwa magari yenye kompyuta, namba P0401 husema moshi unaorudi hautoshi, wala haisemi vali inunuliwe. Na vali ya mtumba huenda imejaa lami ileile.

Wapo wanaoziba njia kwa kipande cha bati. Ukweli usemwe: pikapu kuukuu isiyo na kompyuta huweza kwenda hivyo miaka mingi, na nguvu hurudi siku hiyohiyo. Gharama inahamia kwenye mapafu ya wauza mboga wa Kariakoo, ambao hawakushirikishwa kwenye makubaliano hayo. Kwenye gari la kompyuta, taa huwaka na nguvu huweza kupunguzwa. Tena bati haliponyi nozeli inayovuja wala turbo inayopitisha oili, ikiwa ndiko masizi yanakotoka.

Mzizi wa yote haya ni namna fundi anavyolipwa. Kwenye gereji nyingi za mitaani kupima ni bure, pesa iko kwenye kufungua. Hata fundi mwaminifu ana sababu ya kuona ubovu mkubwa. Mwenye gari angepatana naye bei ya kupima peke yake, ailipe hata kama hakuna kitakachofunguliwa, kisha ndipo wazungumze matengenezo.

Fedha hiyo huonekana ndogo zaidi pale moshi unapokuwa mweupe na maji ya rejeta yanapungua. Hapo silinda hedi hulaumiwa haraka, ilhali kwenye magari ya dizeli ambayo EGR yake ina kipoozi cha maji, kipoozi kilichotoboka ndani huleta dalili hizohizo. Hufunguliwa, huzibwa matundu, huzamishwa majini na kupulizwa hewa. Mapovu yakitokea, gasketi ya silinda hedi haina haja ya kuguswa kwanza.