Mabua yanapanda mlimani, samadi haishuki

Mahindi ya masika yakishavunwa huku tambarare, magari yaliyojaa mabua hupita Kwa Sadala kwenda Masama kila siku. Ng'ombe wa kihambani lazima ale, sibishi. Ninachouliza ni hiki: gari hilo likishashusha mabua, kwa nini linarudi tupu?

Niwaeleze kinachobebwa. Jani la mhindi lina vitundu vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Mmea huvuta hewa ya ukaa kupitia hapo, na kwa nguvu ya jua huichanganya na maji ukatengeneza chakula, shina na mizizi. Bua likikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni iliyotoka hewani. Ukiliacha shambani, wadudu na vijidudu hulila. Sehemu kubwa hurudi hewani, sehemu kidogo hubaki kwenye udongo kama mboji. Hiyo kidogo ndiyo inayoshika maji na kuupa udongo ule weusi. Bua likipelekwa kwa ng'ombe, kaboni nyingi hutoka kwa pumzi na kwa kucheua, iliyobaki iko kwenye samadi. Ukilichoma, nyingi imeondoka siku hiyo hiyo.

Mlima wetu umepimwa sana kwa mambo haya. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ameufanyia kazi kwa zaidi ya miaka 30. Ndiye aliyehesabu aina zaidi ya 500 za mimea kwenye vihamba vya Wachagga, mingi ikiwa ya kujiotea yenyewe. Kuanzia mwaka 2010 watafiti wengi, yeye akiwemo, waliweka vituo vya kupimia kutoka nyika ya chini hadi karibu na barafu. Walipima mimea, wadudu, udongo na gesi zinazotoka ardhini. Majibu makubwa yalitoka mwaka 2019 katika jarida la Nature, na kwangu mimi la muhimu ni moja: kilimo huumiza ardhi zaidi kule chini kwenye ukavu kuliko huku juu kwenye unyevu.

Sasa linganisheni na tunavyofanya. Kihamba kina mringaringa, mgrevilea, kahawa na migomba. Majani yanadondoka mwaka mzima, kivuli kipo, samadi ya zizini inaishia kwenye mgomba ulio karibu na nyumba. Shamba la chini halina mti, jua linalipiga, na kitu pekee kilichobaki baada ya mavuno tunakipakia kwenye gari. Tunamnyang'anya maskini tukampe tajiri. Halafu mvua ikichelewa wiki mbili mahindi yananyauka, tunalaumu mbegu na duka la pembejeo.

Mabua hayaondoki na kaboni peke yake. Potasiamu nyingi ya mhindi inabaki kwenye bua, haipo kwenye punje. Mifuko ya mbolea tunayonunua wengi wetu ni ya kukuzia, yenye naitrojeni tu. Kwa hiyo potasiamu inapanda kwenda kwa ndizi kila mwaka na hairudi.

Najua mtaniambia samadi ni nzito na mafuta ni ghali. Ni kweli, samadi mbichi ni maji matupu. Na wengi wenye shamba chini hawana ng'ombe juu. Wanauza mabua kwa sababu ada ya shule haisubiri. Kwa hao nasema: uza nusu, nusu iache shambani itandazwe, na ukipanga bei mwambie mnunuzi alete samadi safari ya pili kama sehemu ya malipo. Mwenye ng'ombe naye apande guatemala na mabingobingo kwenye kingo za matuta ya kihamba, apunguze kutegemea mabua. Kuchoma mabua ili shamba lionekane safi sina namna ya kukutetea.

Siku hizi kuna maneno mengi ya kuuza hewa ya ukaa. Anayekuja na mkataba mrefu, msisaini kabla ya kuusoma mbele ya serikali ya kijiji. Kaboni iliyo kwenye udongo wako inakulipa kwa debe la mahindi hata asipokuja mtu.

Kwa watakaojaribu msimu huu: rundika samadi chini ya migomba, ifunike kwa majani makavu ya mgomba, igeuze kila baada ya wiki tatu hivi. Ikipoa, ikawa nyeusi na haina harufu kali, imeiva na imepungua uzito. Ishushe kabla ya masika. Weka viganja viwili kila shimo, changanya na udongo, ndipo utie mbegu.