Bima ya safari: karatasi ya viza au kinga ya mtaji?

KILA wiki ndege zinazoondoka Dar es Salaam na Nairobi kuelekea Dubai, Guangzhou na Istanbul hubeba kundi la abiria wanaofahamika kwa mizigo yao. Ni wafanyabiashara wadogo wanaofuata nguo, vipuri, vipodozi na simu. Katika miaka ya karibuni wameongezeka wakulima na viongozi wa vyama vya ushirika wanaokwenda kutafuta soko la parachichi, kahawa na viungo, hasa baada ya China kufungua soko lake kwa parachichi ya Tanzania kwa makubaliano yaliyotiwa saini Novemba 2022.

Kabla ya kuondoka, msafiri huyu hupiga hesabu za kila kitu: tiketi, viza, hoteli, bei ya dola, nafasi kwenye kontena na ushuru. Jambo moja huachwa hadi siku ya mwisho, nalo ni bima ya safari. Wengi huikata pale tu ubalozi unapoidai, na swali wanalomuuliza wakala ni moja: "Ipi bei yake iko chini kuliko zote?"

Kwa mtu anayehesabu kila shilingi, swali hilo linaeleweka. Tatizo ni kwamba linajibu hitaji la ubalozi na kuliacha hitaji la mfanyabiashara. Ubalozi unataka uhakika kwamba mgeni hataiachia nchi yake deni la hospitali. Mfanyabiashara anahitaji uhakika kwamba ugonjwa wa siku tatu ugenini hautamaliza mtaji wa miaka mitano.

Hatari iko wapi?

Mtaji wa safari za aina hii mara nyingi si wa mtu mmoja. Sehemu hutoka SACCOS au VICOBA, sehemu hutoka benki kwa dhamana ya shamba au nyumba, na sehemu ni fedha za wenzake waliomtuma awaletee bidhaa.

Chukulia mfano wa mama mwenye duka la nguo aliyeondoka na Sh30 milioni, kati yake Sh18 milioni zikiwa mkopo wa kikundi. Akiwa Guangzhou anashikwa na tumbo usiku na kuambiwa ni kidole tumbo, anahitaji upasuaji. Hospitali nyingi za China hudai malipo ya awali kabla ya kumlaza mgonjwa. Fedha iliyo karibu ni ile ya kununulia mzigo. Atapona, lakini atarudi na mzigo nusu au bila mzigo kabisa, huku rejesho la mwezi likimsubiri. Akishindwa kulipa, wa kwanza kufuatwa ni wadhamini wake.

Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) haimsaidii hapo, kwa kuwa hutumika katika vituo vya ndani vilivyosajiliwa na Mfuko.

Hali huwa ngumu zaidi msafiri akifariki dunia. Kurudisha mwili kwa ndege kunahitaji vibali vya nchi mbili, hifadhi ya mwili, jeneza la aina maalumu na nauli ya mzigo. Familia isiyo na bima huanza kuchangishana ikiwa tayari msibani, na mara nyingine mazishi husubiri michango itimie.

Nchi zinadai nini?

Utaratibu unaofahamika zaidi ni wa nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen, ambazo sasa ni 29. Kanuni zao za viza za mwaka 2009 zinamtaka mwombaji awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, itakayotumika katika nchi zote za eneo hilo kwa siku zote za ziara. Bima hiyo lazima igharimie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo.

Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, inawataka wageni kutoka nje ya nchi kukata bima kwa Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima, kwa muda usiozidi siku 92. Mantiki ni ileile: mwenyeji hataki kubeba gharama za mgeni.

Hata hivyo, masharti hayo yana mwanya kwa msafiri. Kanuni za Schengen hazisemi lolote kuhusu begi lililopotea, ndege iliyofutwa au fedha zilizoibwa. Aidha, bima iliyoandikwa kwamba inatumika katika eneo la Schengen pekee haina nguvu kwa mkulima atakayeugua akiwa Dubai akisubiri ndege ya kuunganisha, wala kwa atakayevuka kwenda Uingereza, ambayo haimo katika eneo hilo. Kwa anayekwenda nchi isiyodai bima kabisa, uamuzi wote unabaki mikononi mwake, na hapo ndipo wengi huondoka bila kinga yoyote.

Maandishi yanayosahaulika

Thamani ya bima ya safari hupimwa kwa kusoma kile ambacho kampuni inasema haitalipa. Maeneo manne yanastahili macho ya mfanyabiashara.

La kwanza ni ugonjwa aliokuwa nao kabla ya safari. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au pumu anaweza kukuta kwamba mkataba hauhusu chochote kinachotokana na maradhi hayo, au unalipa kiasi kidogo tu. Wengine huficha ugonjwa wakati wa kujaza fomu ili bei isipande. Huko ni kujidanganya. Bima inasimama juu ya ukweli wa mteja, na daktari wa hospitali ya ugenini ataandika historia ya mgonjwa kama ilivyo. Kampuni ikibaini kwamba ukweli ulifichwa, ina sababu ya kukataa madai. Ni heri kulipa zaidi kidogo na kuandikiwa kwamba ugonjwa huo umo.

La pili ni bidhaa. Kipengele cha mizigo katika bima ya safari kimetungwa kwa ajili ya vitu binafsi vya msafiri, yaani nguo zake, simu yake na begi lake. Kwa kawaida bidhaa za biashara na sampuli hazimo. Mfanyabiashara anayepakia simu 20 kwenye begi akidhani zimekatiwa bima anaweza kulipwa thamani ya begi na nguo tu. Hata kwa vitu binafsi kuna ukomo wa kila kitu. Mkataba unaotaja dola 1,000 kwa mizigo unaweza kuwa na mstari mwingine unaosema kitu kimoja hakitazidi dola 250.

Bidhaa zina bima yake, nayo ni ile ya mizigo inayosafirishwa kwa meli au ndege. Sheria ya Bima inawataka waagizaji wa Tanzania kuikata kwa kampuni zilizosajiliwa nchini. Anayechangia kontena na wenzake aulize kwa maandishi kama fungu lake limekatiwa bima, kwa jina gani na kwa thamani gani.

La tatu ni vita na machafuko. Aprili 2024 mvua kubwa ziliufurika uwanja wa ndege wa Dubai na safari nyingi zikafutwa. Juni 23, 2025, Qatar na nchi jirani zilifunga anga lao kwa saa kadhaa kutokana na mapigano yaliyoihusisha Iran. Kwa abiria aliyekwama, matukio hayo mawili yanafanana: yuko uwanjani, hana pa kulala na hoteli ni ghali. Kwa kampuni ya bima ni vitu viwili tofauti. Mvua huweza kuingia katika kipengele cha ucheleweshaji, wakati mikataba mingi haihusu vita. Anayepitia Ghuba aulize hilo kabla ya kulipa.

La nne ni sehemu ya hasara anayobeba mwenye bima mwenyewe. Mkataba ukisema dola 100 za kwanza ni zake, bili ya dola 90 italipwa yote kutoka mfukoni mwake, na bili ya dola 1,500 atalipiwa 1,400. Bima ya bei ndogo mara nyingi hupata unafuu wake hapo.

Begi likipotea

Kuna haki moja ambayo abiria anayo hata bila bima. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania, China na Falme za Kiarabu zimeuridhia, unaliwajibisha shirika la ndege kwa begi lililopotea, kuharibika au kuchelewa. Ukomo wa fidia kwa abiria mmoja ni SDR 1,519 tangu Desemba 28, 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na kiasi hicho ni kama dola 2,000 za Marekani.

Kiasi hicho ni cha juu kabisa na abiria hana budi kuthibitisha hasara yake. Malalamiko ya begi lililoharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku saba tangu lilipopokelewa, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa. Wengi hupoteza haki hii kwa kuondoka uwanjani bila kujaza fomu.

Wanaosafiri kwa barabara

Kwa anayepeleka mchele Zambia au Kongo kwa gari lake, kinga inayotajwa sana mpakani ni Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huo. Kadi hiyo inahusu madhara ambayo gari litawasababishia watu wengine, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake likipata ajali. Haimtibu mwenye mzigo aliyeugua malaria Lubumbashi, wala hailipi mchele ulioibwa. Kudhani kwamba kadi hiyo ni bima ya safari ni kosa lililo jepesi kufanya.

Jinsi ya kuchagua

Msafiri anaweza kulinganisha ofa mbili au tatu kwa maswali machache kabla ya kutazama bei. Je, nchi zote atakazopita zimetajwa, pamoja na zile za kubadilishia ndege? Siku zimehesabiwa tangu anapoondoka hadi anaporudi, na ziada kidogo ikiwa ndege itaahirishwa? Kiasi cha matibabu kinatosha kwa upasuaji na kulazwa katika nchi anayokwenda? Kurudisha mgonjwa au mwili kumeandikwa waziwazi na kwa kiasi gani? Kampuni inailipa hospitali moja kwa moja, au mgonjwa hulipa kwanza na kurudishiwa baadaye? Na viza ikikataliwa, fedha zinarudishwa?

Swali la kulipa hospitali moja kwa moja ndilo zito zaidi kwa mwenye mtaji mdogo. Bima inayorejesha fedha baada ya miezi miwili inamwacha na deni lilelile wakati anapohitaji fedha za mzigo.

Anayelazimika kupunguza gharama apunguze vipengele vya starehe na ucheleweshaji, asiguse matibabu na kurudishwa nyumbani. Begi likipotea mtu huhuzunika kwa wiki moja. Bili ya upasuaji inaweza kuuza shamba. Anayesafiri mara nne au tano kwa mwaka aulizie pia bima ya mwaka mzima, lakini aangalie ukomo wa siku kwa kila safari.

Hatua nyingine ni kuhakiki muuzaji. Kampuni, mawakala na madalali wa bima husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na ni haki ya mteja kuhakikisha usajili huo kabla ya kulipa. Kampuni ikikataa madai bila sababu inayoeleweka, mteja anaweza kulalamika TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mlango huo haupo kwa aliyenunua karatasi ya kughushi mtaani.

Baada ya kukata bima, nakala moja ibaki nyumbani kwa mtu anayeaminika, na namba ya msaada ya saa 24 iandikwe kwenye simu na kwenye karatasi. Mikataba mingi humtaka mgonjwa, au aliye naye, aipigie namba hiyo kabla ya kulazwa au mapema iwezekanavyo. Aliyeibiwa apate taarifa ya polisi katika mji alikoibiwa, kwani ya Dar es Salaam haitakubalika. Risiti na cheti cha daktari vitunzwe hadi madai yalipwe.

Vikundi vya kukopeshana navyo vina nafasi hapa. Kikundi kinachomdai mwanachama hati ya shamba kabla ya kumkopesha Sh18 milioni kinaweza pia kumdai nakala ya bima ya safari inayosomeka na kueleweka. Fedha iliyo hatarini ni ya wote, na wadhamini ndio watakaogongewa mlango endapo mwenzao hatarudi na mzigo.