Tupeni na Sisi Klabu ya Ndoano

Orodha ya michezo hapa chuoni tunaijua wote: mpira wa miguu, pete, wavu, kikapu, drafti kwa wale wazee wa chini ya mti. Usiku inaongezeka ile isiyo na kocha wala jezi, yaani kubeti. Jumatatu asubuhi ukipita mabwenini unakutana na nyuso zilizokunjamana, mkeka umechanika, bumu limekata roho wiki ya tatu tu. Katika orodha yote hiyo uvuvi wa ndoano haumo. Naandika kuiomba serikali ya wanafunzi iuingize, na najua kabisa kuwa kuna watakaocheka kabla ya kumaliza aya hii. Chekeni, lakini malizeni kusoma.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Sisemi juu ya wavuvi wa Ziwa Rukwa wanaolala kambini na kulisha familia kwa nyavu na mitumbwi. Ile ni kazi, na ni kazi ngumu. Nasemea mtu mmoja, ufito mmoja, mshipi mmoja, ndoano moja, Jumamosi moja. Havui ili auze. Anavua kwa sababu anapenda kuvua, na akipata wawili watatu jioni kuna mboga. Vifaa vyake mnavijua tangu utotoni: nailoni imezungushiwa kwenye chupa ya plastiki ya soda, kipande cha kandambili kinafanya kazi ya boya, jiwe dogo au risasi ndiyo chubwi, na chambo ni nyungunyungu waliochimbwa nyuma ya choo, au tonge la ugali lililokandwa likakaza. Ndoano chache na mshipi wake, ukinunua pale Tunduma sokoni, jumla haifiki bei ya chipsi mayai na soda. Mwenye uwezo atanunua fimbo yenye roda ya kuvutia mshipi, lakini samaki hajui bei ya fimbo.

Sasa angalieni mahali tulipo. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 ukapewa jina la mto. Ila Songwe ziko mbili, na wengi wetu hatujui. Songwe ya kwanza inateremka kaskazini hadi Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mlango wa kutokea: maji yakishaingia humo yanabaki, yanapungua kwa jua tu, ndiyo maana ziwa hilo lina magadi na ukubwa wake hupanuka na kusinyaa kadiri ya mvua. Songwe ya pili ndiyo mpaka wetu na Malawi kule Ileje. Hiyo inamwaga Ziwa Nyasa, kutoka hapo maji yanafuata mto Shire, yanaingia Zambezi na kufika Bahari ya Hindi. Halafu vuka geti pale Tunduma uingie Nakonde, endelea kusini: huko mvua inayonyesha inaishia mto Chambeshi, kwenda Bangweulu, kwenda Kongo, mpaka Bahari ya Atlantiki. Yaani mtu mwenye bodaboda na mafuta ya kutosha anaweza ndani ya siku chache kutupa ndoano kwenye maji ya pande tatu ambazo hazikutani kamwe. Hilo somo la jiografia tulilifanyia mtihani, tukapata alama zetu, tukasahau. Mvuvi halisahau, kwa sababu samaki nao wanatofautiana kwa kila upande.

Mfano mdogo. Yule samaki wa meno kama ya mbwa, anayeitwa kibebe kule Tanganyika, yumo Zambezi na yumo Shire ya chini. Lakini Nyasa hayumo, ingawa ni mfumo huohuo wa maji, kwa sababu maporomoko ya Shire yanamzuia kupanda. Mfano mwingine: magege wa Rukwa, mmoja wao wanasayansi wamempa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis rukwaensis. Jike la jamii hii hutotolea mayai mdomoni. Hubeba mayai na kisha watoto kinywani mwake mpaka wapate nguvu, wakiona hatari wanarudi humo humo. Ukimtoa jike wa namna hiyo majini umetoa ukoo. Na kambale, huyo ndiyo kiboko. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo dimbwi likikauka anaweza kujikokota kwenye nyasi zenye unyevu kutafuta maji mengine. Anakula usiku zaidi, anatafuta chakula kwa ndevu na kwa harufu, ndiyo maana wazoefu wanamtegea utumbo wa kuku unaonuka badala ya chambo kisafi. Mtu akiyajua haya kwa kukaa mtoni miezi mitatu, amesoma baiolojia ambayo maabara yetu haina bajeti ya kuifundisha.

Najua pingamizi. Nitazijibu moja moja.

La kwanza: huo ni uvivu, mtu mzima kukaa kwenye ukingo akitazama kandambili inavyoelea. Jamani, tunaongea hivyo tukiwa tumekaa saa nne tukitazama simu? Kuvua kwa ndoano kunataka utulivu ambao kizazi chetu kinaupoteza. Boya likicheza kidogo usivute, huyo anadonoa tu. Likizama na kwenda upande, hapo ndipo. Ukikurupuka umemkosa, ukichelewa amemeza chambo na kuondoka. Kuna masomo mengi hapa chuoni ambayo tungeyafaulu kwa tabia hiyo hiyo.

La pili: huo ni mchezo wa Wazungu. Hapa pana ukweli nusu. Wakoloni walileta samaki aina ya trauti kutoka Ulaya wakawapandikiza kwenye mito ya baridi ili wapate cha kuvua wikiendi. Kenya walianza mwaka 1905, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mito kama Kiwira nayo ilipandikizwa. Walijiwekea vyama vyao na vibali vyao, na mwenyeji alionekana pale kama mbeba mizigo. Hata leo, mito ya Mnyera na Ruhudji kule bonde la Kilombero inapokea wageni wanaosafiri kutoka mabara mengine kuja kuvua kibebe kwa nzi wa bandia waliofungwa kwa manyoya, wakimkamata wanampiga picha na kumrudisha. Kwa hiyo sura ya mchezo huu imekuwa ya mgeni mwenye kofia pana. Lakini ndoano yenyewe? Muulize mtoto yeyote wa Kamsamba aliyekua kando ya mto Momba, au wa Galula, kama alisubiri Mzungu amfundishe kuloa samaki. Waliotunyang'anya hawakutunyang'anya ujuzi, walitunyang'anya heshima yake. Mgeni akivua anaitwa mtalii, mwenzetu akivua anaitwa mtu asiye na mchongo.

La tatu ndilo zito, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu: samaki ni chakula, hachezewi. Unamtoboa mdomo, unafurahi, unamrudisha majini, wakati kuna jirani anayekula ugali kwa chumvi. Nakubaliana na hoja hii kuliko wanavyodhani. Hata Ulaya kwenyewe hawajakubaliana: Uswisi hairuhusiwi kwenda kuvua kwa nia ya kuachia tu, kwa sababu wanaona ni kumtesa mnyama bila sababu ya maana. Kwa hiyo siombi tuige kila kitu cha wageni wa Kilombero. Msimamo wangu ni huu: vua ule. Ukishapata wa kutosha sufuria, kunja mshipi, nenda nyumbani. Anayerudishwa ni yule ambaye hakupaswa kutoka: mdogo ambaye hajazaa hata mara moja, na jike mwenye watoto mdomoni. Kumrudisha huyo siyo kumchezea, ni kumwekea akiba huyo huyo jirani wa ugali na chumvi.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe hasa, maana kama ingekuwa starehe tu nisingemaliza wino. Mito yetu inavuliwa vibaya. Vyandarua tulivyopewa bure kuzuia malaria vinakokotwa mtoni na kuzoa kila kitu, mayai, vifaranga, wadudu wanaoliwa na samaki. Tena vyandarua hivyo vina dawa, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Kuna wanaomwaga sumu kwenye madimbwi kiangazi maji yakipungua, wanaokota wanaoelea, wanauza. Sheria ipo: Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza sumu, baruti na zana haramu. Lakini sheria haina macho. Ofisa uvuvi wa wilaya ni mmoja, mito ni mingi, na sisi wasomi tunaupita mto juu ya daraja tukiwa ndani ya basi tumevaa visikilizio masikioni.

Nani anajua mto umeanza kufa? Ni yule anayerudi palepale kila Jumamosi. Yeye ndiye ataona kuwa mwaka jana magege walikuwa wa kiganja na mwaka huu ni wa vidole viwili. Yeye ndiye atanusa maji yamebadilika, ataona povu chini ya mahali panapooshwa magari, ataona ukingo umelimwa mpaka majini. Mtu hulinda anachokipenda, na hukipendi kitu ambacho hujawahi kukaa nacho. Klabu ya ndoano ya watu ishirini, yenye daftari la kuandika wapi, lini, samaki gani, urefu gani, itaipa idara ya uvuvi taarifa ambazo leo hakuna anayeziandika. Watu wa takwimu mtapata data za utafiti wa mwaka wa tatu bila kuzipika.

Majirani zetu wameshaelewa kuwa maji yanahitaji kupumzika. Zambia hufunga uvuvi kwenye mito na maziwa yake mengi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, msimu wa samaki kuzaliana. Na sisi wenyewe mwaka 2024 tulifunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15. Wavuvi wanaotegemea ziwa kwa mkate wao walivumilia. Klabu ya wanafunzi wanaovua kwa raha itashindwa nini kujiwekea miezi yake ya kukunja mshipi?

Ombi langu kwa waziri wa michezo wa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Hatutaki uwanja, hatutaki jezi, hatutaki basi. Tunataka mambo manne. Klabu isajiliwe. Twende kwa pamoja ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuulizia leseni, kwa sababu hata mvuvi wa burudani naye anatakiwa awe nayo, na tusianze klabu ya kulinda mto kwa kuvunja sheria. Tupate mwalimu mlezi, ikiwezekana wa baiolojia. Na kanuni zetu ziandikwe zibandikwe ubaoni: ndoano tu, hakuna chandarua; kijino cha ndoano kibanwe kwa koleo ili samaki mdogo atoke bila kuchanika; lowesha mikono kabla ya kumshika unayemrudisha, maana ule utelezi wa ngozi ndiyo kinga yake; hakuna kuuza; nailoni iliyokatika inarudi nyumbani mfukoni, haiachwi majini ikamnase ndege.

Naongeza moja kwa ajili ya wazazi watakaosoma. Momba na Rukwa kuna mamba, siyo hadithi. Hakuna kuingia majini, hakuna kuvua peke yako, hakuna kukaa ukingoni giza likiingia, hata kama kambale anakula usiku. Kusimama kwenye maji yaliyotuama ni kuomba kichocho. Tunavua tukiwa nchi kavu, mchana, wawili wawili, kwenye sehemu ambayo wenyeji wametuambia ni salama. Mzee wa kijiji akisema hapa hapana, tunasema "shikamoo, asante" na tunahama.

Na dada zetu msijitoe. Kule vijijini wanawake wanavua kwa vikapu na migono tangu enzi, sasa iweje ndoano iwe ya wanaume? Haihitaji misuli. Inahitaji subira, na kwenye subira mnatuzidi.

Mkutano wa bunge la wanafunzi ukiitishwa, hoja hii itapelekwa mezani ikiwa na majina ya watakaosaini. Anayetaka kusaini anitafute kabla ya wiki ya majaribio. Anayetaka kupinga naye aje, ila aje na hoja, na ikiwezekana aje kwanza Jumamosi moja mtoni. Nyungunyungu nitachimba mimi.