Maji kwanza, kisha tuongee juu ya sukre



Hapa Kolwezi jina lenyewe linasema yote: kinywaji cha chupa, ikiwa Fanta ao Coca-Cola, tunakiita sukre. Hatudanganywi. Lakini nani kati yetu amepima sukari ya ndani? Soma karatasi ya chupa: mara nyingi utakuta karibu grama 10 katika kila desilitri. Basi chupa ya santilitri 33 iko na grama zaidi ya 30, na kijiko kidogo cha chai kinabeba karibu grama 4. Ni vijiko 8! Mama akitia vijiko 8 katika kikombe kimoja cha chai, baba atauliza kama sukari imeanza kuchimbwa Musonoi.

OMS, shirika la afya la ulimwengu, iliandika mwaka 2015 kwamba afazali sukari ya kutia, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, isipite karibu vijiko 6 kwa siku. Chupa moja imekwisha kupita, na bado hatujahesabu chai ya asubui. Anayeinywa kila siku anaharibu meno, na anajikaribisha ugonjwa wa kisukari. Hata Mezali, sura ya 25, inamwonya mwenye kupata asali asile kupita kiasi, na wakati ule Fanta haikuwa.

Juu ya nini tunaipenda hivi? Si kiu tu, ni heshima. Mgeni akifika nyumbani ukamupa maji, watu watasema uko na choyo. Kwa ndoa, kwa matanga, paka sukre. Ndugu zetu wa kuchimba wanasema inaleta nguvu. Inaleta, lakini haikai tumboni kama bukari.

Sasa wengine wanaomba wakubwa wa masomo wakataze sukre ndani ya lupango. Mimi ninakataa. Mutoto atakunywa nini saa ya rekre? Bomba siku moja iko na maji, siku ingine hapana, na maji ya visima wengi wanaogopa juu ya migodi. Chupa iliyofungwa, mtu anaiamini. Ukimukatazia bila kumuletea maji, umemuachia kiu tu.

Tuweke mapipa 2 yenye mfuniko na robine, maji yachemshwe, kila mtu na kikombe chake, kila darasa lichunge wiki yake. Munkoyo pia iuzwe, ila mupishi asimwangie sukari kopo nzima, maana nimeona! Na siku ya feti ya wafinalisti, maji yawekwe mezani mbele ya wageni, bila haya.

Bei ya pipa nimekwisha kuuliza sokoni. Darasa moja likichanga, kila mtu bei ya sukre moja, tunalinunua.