Ruzuku ya utafiti: Funzo la M-Pesa kwa Serikali

WAKENYA wengi huamini kwamba M-Pesa ni tunda la fedha za kampuni pekee. Ukweli ni kuwa mbegu yake ilimwagiliwa maji na mlipa-ushuru wa Uingereza.

Kupitia hazina ya ushindani ya Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza (DFID), kampuni ya Vodafone ilipewa karibu pauni milioni 1, kwa sharti kwamba nayo itoe kiasi kama hicho. Majaribio yaliyoanza Oktoba 2005 yalizileta pamoja Safaricom, Faulu Kenya na Commercial Bank of Africa. Yaani kampuni ya simu, taasisi ya mikopo midogo na benki.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya ruzuku ya umma. Wakurugenzi huuonea shaka mradi usio na faida ya haraka. Serikali inapokubali kubeba sehemu ya hasara, shaka hupungua. Aidha, masharti ya ruzuku yanaweza kuwakutanisha washirika ambao soko lingewaacha mbalimbali.

Lengo la awali lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Majaribio yalidhihirisha kwamba wateja walitaka zaidi kutumiana pesa, na huduma hiyo ndiyo iliyozinduliwa Machi 2007.

Hata hivyo, mfumo wenyewe ulibaki mali ya Vodafone. Kwa miaka mingi Safaricom iliilipa ada ya kuutumia, hadi 2020 Safaricom na Vodacom zilipoununua.

Nchini Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, ikiagiza itengewe asilimia 2 ya Pato la Taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa.

Lakini tatizo si uhaba wa fedha tu. Ruzuku isiyomkutanisha mhadhiri na mwenye kiwanda huzaa ripoti za kujaza makabati. Nayo ruzuku inayopewa kampuni kubwa bila masharti hulipia kazi ambayo kampuni hiyo ingeifanya kwa fedha zake yenyewe.

Basi Serikali iidai kampuni mchango wake, impe mshirika mdogo sauti, na ihakikishe umiliki wa uvumbuzi umeandikwa kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.