Tusome Risasi ya Dodona, Si Marumaru Pekee

Mtajie mwanafunzi wetu Ugiriki ya kale, naye mara moja atakumbuka nguzo za marumaru, sanamu za miungu na majina ya wanafalsafa watatu au wanne. Simlaumu. Ndivyo vitabu vingi vilivyomzoeza: kuiona Ugiriki kuwa nchi ya mawe meupe na watu wakuu. Lakini mimi nashikilia kwamba katika yote yaliyofukuliwa mahali patakatifu pa Wagiriki, hakuna lenye thamani kubwa kwa elimu kuliko vipande vidogo vya risasi, yale madini laini ya kijivu, vilivyopatikana Dodona. Aidha nashikilia kwamba vipande hivyo vingebaki kuwa takataka lau wasingetokea watu waliokuwa tayari kuvisoma herufi kwa herufi.

Mwaka 1875 majembe mawili yaliingia ardhini. Kusini, huko Olympia, Wajerumani wakiongozwa na Ernst Curtius walianza kufukua eneo la hekalu la Zeus. Walipata sanamu zilizolipamba hekalu hilo, na ulimwengu wa wasomi ukashangilia. Mwaka huohuo, katika milima ya Epirus kaskazini-magharibi, ambako wakati ule kulikuwa chini ya dola ya Kiothmani, tajiri mmoja aitwaye Konstantinos Karapanos alianza kuchimba Dodona. Hapa pia palikuwa pa Zeus, lakini fahari yake ilikuwa ya namna nyingine. Homer anataja mwaloni mrefu wa Dodona ambao kwao watu walitafuta kujua nia ya mungu, na Herodotus anasimulia kwamba palihesabiwa kuwa mahali pa kale kuliko pote pa uaguzi kwa Wagiriki. Kwa karne nyingi mti ulitosha. Jengo dogo la mawe la ibada lilikuja kusimamishwa katika karne ya 4 K.K.

Karapanos alipata vyombo vya shaba, na pamoja navyo vibamba vyembamba vya risasi vilivyokunjwa. Je, vilikuwa nini? Mtu aliyekuja Dodona na shida yake aliikwaruza kwa ncha kali juu ya kibamba, kisha kibamba kikakunjwa au kuviringishwa. Risasi haikutupwa baada ya kazi hiyo. Kibamba kilinyooshwa, mwingine akaandika swali lake juu ya lile la kwanza, hata kibamba kimoja kikabeba shida za watu kadhaa. Maandishi hayo ni ya tangu karne ya 6 hadi karne ya 2 K.K.

Na waliuliza nini? Ni kweli kwamba dola nazo zilikuja: watu wa kisiwa cha Corcyra walitaka kujua wamtolee sadaka mungu yupi ili wapate kuelewana wao kwa wao. Lakini walio wengi ni watu wasiotajwa na kitabu chochote. Bwana mmoja, Agis, anauliza kuhusu mablanketi na mito yake: je, imepotea, au kuna mtu wa nje aliyeiiba? Kleoutas anataka kujua kama ufugaji wa kondoo utamfaa. Lysanias anauliza kama mimba aliyo nayo Annyla si yake. Na kipo kibamba kinachomhusu Kittos, ambacho swali lake ni juu ya uhuru ambao Dionysios alimwahidi.

Hebu msomaji atafakari juu ya huyo Kittos. Katika vitabu vikuu vya Kigiriki mtumwa husemwa na wengine: hununuliwa, huchapwa, hufanyiwa mzaha katika michezo ya kuigiza. Dodona jina lake limo katika risasi pamoja na tumaini lake. Majibu yaliyosalia ni machache mno, kwa hiyo hatujui kama alipata uhuru wake. Tunajua tu kwamba aliutaka, na ya kwamba ahadi ya bwana wake haikumtuliza moyo.

Kwa mwanaisimu kuna hazina nyingine. Kigiriki kinachofundishwa vyuoni kwa kawaida ni kile cha Athens. Vibamba vya Dodona vimejaa lahaja nyingine, hasa za Kidoria na za kaskazini-magharibi, na hata alfabeti zake si moja. Pale ambapo mtu wa Athens angetumia kijineno 'an', hawa huandika 'ka'. Sauti ya 'w', ambayo lahaja ya Athens ilikwisha kuipoteza, bado ina herufi yake katika baadhi ya vibamba. Tahajia zinayumba, kwa kuwa wengi waliandika walivyosikia. Mwalimu mkali angevisahihisha kwa wino mwekundu toka mwanzo hadi mwisho. Naye, kwa kufanya hivyo, angefuta ushahidi bora tulio nao wa jinsi watu wa kawaida walivyotamka maneno yao.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilichelewa kujaa. Dimitrios Evangelidis alianza kuchimba Dodona mwaka 1929, na uchimbaji wake ulitoa vibamba vingi mno. Kazi ya kuvisoma iliwaangukia Sotirios Dakaris na Ioulia Vokotopoulou, wanaakiolojia, pamoja na Anastasios Christidis, profesa wa isimu. Kitabu chao chenye maandishi 4,216 kilichapishwa mwaka 2013, wakati wote watatu walikuwa wamekwisha kufariki. Mwaka 2023 UNESCO ikaviingiza vibamba hivyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba anayetaka kuijua Ugiriki na amsome Plato. Sikubaliani nao. Plato atatuambia jinsi mji unavyopaswa kuwa. Hatuambii mfugaji aliogopa nini usiku. Anayewasoma wakuu peke yao huishia kudhani kwamba historia ilitendwa na wakuu peke yao. Na makosa hayo hayaishii Ugiriki.

Ndiyo maana nasema kazi ya akiolojia haikomi jembe linapowekwa chini. Sanamu ikifukuliwa, kila mwenye macho huiona. Kibamba cha risasi kikifukuliwa, hakisemi kitu hadi apatikane mtu aliyejifunza lugha ile, lahaja zake na mwandiko wake, na mwenye subira ya kukaa na kipande kimoja siku nyingi. Kila tunapoyaona masomo ya lugha kuwa ya wale waliokosa nafasi kwingine, tunawaacha akina Kittos makabatini.

Walimu wenzangu, mnapofundisha Ugiriki ya kale, anzeni na mablanketi ya Agis kabla ya nguzo za marumaru, wanafunzi watasikiliza. Na mnaposahihisha insha, kabla ya kulikata 'kukuja' na kuandika 'kuja', kama mnavyotakiwa na mtihani, jiulizeni kwanza neno hilo linawaeleza nini kuhusu lugha ya mtaani kwake mtoto aliyeliandika. Nanyi wanafunzi, msione haya kujifunza lugha zisizo na wasemaji tena. Chini ya ardhi kungali na watu wengi waliouliza maswali yao, nao wanawasubiri wasomaji.