Kirangozi Haishushi Tabora

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji, ulitanguliwa na kirangozi. Yeye ndiye aliyejua kisima kilipo, mto uvukwe wapi na mlima uzungukwe upande gani. Hata hivyo, hakuna kirangozi aliyeweza kuishusha Tabora, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipandishwa kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kila mpagazi alihitaji posho yake.

Mwalimu wa kemia anayefundisha vichocheo hana haja ya kutafuta mfano mwingine. Kichocheo huonyesha njia nyepesi. Hakilipi nishati ya safari. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa zimeenea habari kwamba chembe za kichocheo zenye upana wa nanometa chache tu zaweza kutumia nuru kuigeuza hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, kuwa kemikali za manufaa.

Habari hizo si za uongo. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Ujapani walionyesha kwamba titani dioksidi, ile poda nyeupe itiwayo katika rangi za nyumba, ikipigwa na nuru yaweza kusaidia kuyatenganisha maji. Mwaka 1979 wao na wenzao walitia poda za namna hiyo katika maji yenye hewa ya ukaa, wakayaangaza, wakapata methanoli, fomaldihaidi na asidi fomiki. Nuru huirusha elektroni kutoka mahali pake. Elektroni hiyo ikiufikia uso wa chembe kabla ya kurudi, huanza kuibadili molekuli ya hewa ya ukaa. Chembe ikiwa ndogo, safari ya elektroni hufupika na uso wa kufanyia kazi huongezeka. Kasoro ya poda ile ni kwamba hutumia mionzi ya urujuanimno peke yake, ambayo ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua.

Sasa na ifikiriwe Tabora yenyewe. Huko Urambo, Kaliua na Sikonge tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo kwa sehemu kubwa ni miombo. Akitokea mtu wa kudai kwamba moshi huo si neno, maana sayansi itaugeuza kuwa mali, na aombwe kupiga hesabu.

Kilo 1 ya kuni kavu ina kaboni nusu kilo hivi. Kuirudisha kaboni hiyo yote kutoka hewa ya ukaa hadi methanoli hudai megajuli 29 kwa uchache, hata kichocheo kiwe bora namna gani, kwa maana huo ndio mwinuko wenyewe wa Tabora. Mita 1 ya mraba hupokea megajuli 20 hivi kwa siku ya jua zuri. Ichukuliwe kwamba mtambo huhifadhi asilimia 1 ya nishati hiyo, kipimo ambacho poda nyingi hazijakifikia: zitahitajika siku 145, karibu miezi mitano, kwa kilo 1 iliyoteketea kwa dakika chache.

Hesabu hii haipingi utafiti. Nchi yenye jua jingi hivi ina kila sababu ya kutaka methanoli itokanayo na nuru, na ni aibu vijana wake wakiisoma elimu hiyo kama habari za ugenini. Linalopingwa ni kuutumia utafiti kuwa udhuru wa moto. Bani lililojengwa vizuri hupunguza kuni msimu huu huu, na kisiki cha mwombo kisipochomwa wala kung'olewa huchipua tena, nacho kinafanya kazi ile ile ya nuru, polepole, bila kununuliwa mtambo, na nyuki wakipata chakula.

Shule iliyo jirani na mabani yaweza kupima kwa mizani kuni zinazoingia katika bani moja, kuzidisha kilo hizo kwa 145, na kuliacha jibu ubaoni mpaka wazazi wafike.